Cherehani Ishirini na Saba

Sehemu ya kumi na nne

"Maître, hadithi yangu ulimsomea nani mwingine?"

Swali hilo tuliliacha likining'inia Jumapili iliyopita, na Jumatano saa tatu asubuhi lilikuwa bado halijapata jibu, pale kwenye maegesho ya magari nyuma ya maduka ya Kensington.

Kama gazeti lako la juma lililopita lilikwenda kufungia maandazi, nikukumbushe kwa pumzi moja. Évariste, huyu mlinzi wa maegesho mwenye kizibao cha kijani kinachong'aa, huko Kongo alikuwa wakili, ndiyo maana anaitwa Maître, na mbunge wa jimbo. Masika ni fundi cherehani, mjane, aliyekimbia kijiji cha Kighuma miaka minane iliyopita. Évariste ndiye aliyemwandikia maelezo yake ya kuomba hifadhi hapa Johannesburg. Juzi Jumatatu bodi ya rufaa ikamwambia Masika kwamba maelezo hayo ni ya uongo, kwa sababu watu ishirini na saba walikwisha kuyaleta kabla yake, yale yale, wakibadili majina tu.

Kesho Alhamisi saa nne anasikilizwa kwa mara ya mwisho. Akishindwa, atarudishwa kwa watu waliomuua mumewe.

Haya, tuendelee.

"Hakuna," Évariste akajibu. "Sikumsomea mtu."

"Wote wamevuka mto," Masika akasema. "Wote ishirini na saba, na cherehani kichwani. Bwana mmoja wa bodi aliniuliza kama kwetu kila mutu anakimbiaka na cherehani. Wakacheka, Maître. Mimi sikujua nicheke ao nilie."

"Labda kuna mtu wa ofisini aliyeiba."

"Njo vile nilifikiri na mimi."

Alisema hivyo bila kinyongo. Alimwamini. Évariste angependelea kofi.

Gari jeupe likaingia. Évariste akalielekeza kwa mkono, akamwamkia mwenye gari, akarudi. Masika alikuwa amesimama palepale, barua ya bodi mkononi. Hakuweza kuisoma. Shule hakuiona, na barua zote za Kiingereza alisomewa na bintiye Gaëlle, mtoto wa miaka tisa anayezungumza Kizulu na Kiingereza, ambaye Kighuma kwake ni jina tu.

"Maître, kuko ile daftari yako nyeusi. Ulinisikiliza siku nzima, ukaandika, na juu ukaweka tarehe. Ile daftari ikifika kesho, wataona mimi njo wa kwanza. Kweli ao hapana?"

"Kweli," Évariste akasema, kabla hajafikiri.

"Basi utakuja."

"Nitakuja, mama Gaëlle."

Masika akaishika mikono yake yote miwili. Halafu akasema jambo dogo, kwa kupita tu.

"Ningekuwa na ile karatasi walibandika kwenye mlango wa kanisa kwetu, hata daftari tusingeitafuta. Lakini uliniambia niitupe."

"Hapa hawataki makaratasi ya Kifaransa."

"Njo vile uliniambia. Na ulisema mutu akinikuta nayo nitapata shida, nisimwonyeshe hata jirani."

Kwa nini wakili mzima amwambie mteja atupe ushahidi? Vumilia, msomaji. Mbivu na mbichi tutazijua leo leo.

Kwanza nikwambie kitu ambacho Masika hakukijua. Hadithi yake haikuibwa na mtu yeyote wa ofisini. Aliyeigawa ni Évariste mwenyewe.

Masika alikuwa wa kwanza kumwendea. Alikaa juu ya kreti la soda, akasimulia tangu kengele ya kanisa iliyolia saa kumi alasiri wala haikuwa saa ya misa, mpaka mto aliouvuka na cherehani kichwani. Ikawa kurasa sita. Juma lililofuata akaja Pitchou, kinyozi. Pitchou naye alikimbia vita vya kweli, lakini hadithi yake haikuwa na kichwa wala miguu. Tarehe amesahau. Kijiji alicholala amesahau. Waliomfukuza hakuwaona sura, maana aliwapa mgongo.

Ofisi hupenda tarehe. Évariste alilijua hilo, na alikuwa na njia yake ya kazi. Alipokuwa wakili hakuandika hati upya hata siku moja; alichukua ile iliyoshinda jana akabadili majina. Alipoingia bungeni akakuta wenzake nao wanatunga sheria vilevile. Basi Pitchou akapewa mto wa Masika. Akapita. Habari zikaenea kwa vinyozi, kwenye saluni na makanisani, na kila aliyekuja akapewa mto na cherehani.

Hakuwatoza kitu, tumpe haki yake. Alichotaka ni neno moja tu, Maître, litamkwe na mtu mwenye shida aliyekaa mbele yake. Mwanamume aliyezoea ukumbi mzima kusimama akiingia, sasa anawaonyesha watu pa kuegesha. Neno hilo ndilo lililomfanya aamke asubuhi.

Ila kesi za wengine zilisikilizwa upesi, ya Masika ikaahirishwa, ikaahirishwa, miaka saba. Mwenye hadithi akawa wa ishirini na nane.

Saa nane mchana Évariste alipanda ngazi hadi ghorofa ya tano, mtaa wa Doornfontein, anakoishi na mkewe Célestine. Alikuwa amepanga kila kitu njiani. Angechukua daftari, angekata kurasa zote zilizofuata ile ya Masika, angebaki na ushahidi usiomgusa mtu. Wakili ni wakili.

Akafungua sanduku chini ya kitanda. Suti ya bunge ipo. Kamusi ya sheria ipo. Daftari halipo.

"Usihangaike," ilisema sauti nyuma yake.

Pitchou alikuwa ametokea jikoni, kikombe cha chai mkononi. Célestine alimfuata, akasimama karibu na dirisha, macho mekundu.

"Daftari liko wapi?" Évariste akauliza.

"Hapo chini," Pitchou akasema. "Angalia."

Évariste akaangalia. Kando ya barabara wanawake wauza mahindi walikuwa wakipepea mbaula yao, jiko la makaa, moshi unapanda ukutani. Mmoja alikuwa akikoroga majivu kwa kipande cha waya.

"Umechoma."

"Nimechoma, Honorable. Usinikasirikie. Mimi niko na mke, niko na watoto watatu wamezaliwa hapa."

"Nani alikwambia?"

Pitchou akamtazama Célestine, na Célestine akajibu kwa sauti ya chini.

"Masika mwenyewe. Alinipigia simu asubuhi, ati anishukuru. Alisema, mama, bwana yako ni mutu wa Mungu, kesho analeta daftari kwa bodi. Alilia kwa furaha, papa. Na mimi nikasema amina. Halafu nikampigia Pitchou."

Évariste akakaa kitandani.

"Ningezikata kurasa za watu wote. Yake tu ningeiacha."

"Na wakikuuliza kurasa zingine ziko wapi?" Pitchou akasema. "Eish, Honorable, hao watu si watoto. Watashika karatasi ya mutu mmoja, watavuta, tutatoka wote. Na wa kwanza utamjua."

Hakuwa na haja ya kumtaja. Célestine alikuja karibu, akapiga magoti mbele ya mumewe, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya ndoa yao.

"Mimi sijui kutia uzi kwenye sindano," akasema. "Lakini kwa serikali ya hapa, mimi Célestine nilivuka mto na cherehani kichwani. Wewe njo uliniandikia. Nilikuuliza siku ile, papa, kwa nini tusiseme yetu? Sisi pia tulikimbia. Ukasema yetu haisemeki. Sikuuliza tena. Sasa mtoto wetu Cédric anaandika mitihani ya matric, ya kumaliza shule, Oktoba. Wakinirudisha, ataandikia wapi?"

"Nyamaza, Célestine."

"Ahidi kwamba huendi."

"Siendi."

"Ahidi."

"Nimeahidi."

Hesabu mwenyewe, msomaji. Asubuhi ahadi moja, mchana ahadi ya pili inayoila ile ya kwanza, na zote kwa uso mkavu. Ubunge ukishamwingia mtu haumtoki kwa kuvuka mpaka.

Alhamisi saa moja na nusu Célestine alitoka kwenda saluni alikofanya kazi ya kusuka, akiwa na amani moyoni. Saa mbili Évariste akavaa suti ya bunge. Ilimpwaya mabegani. Aliahidi kutokwenda, na akaenda.

Usimsifu bado. Hakwenda kwa ushujaa. Alikwenda kwa sababu usiku kucha alimsikia kichwani mwake Masika akimwambia Célestine kwamba bwana yake ni mtu wa Mungu, na hakuweza kulala na neno hilo. Alipanga kusema kidogo tu. Angeapa kwamba aliandika maelezo ya Masika kabla ya mtu mwingine yeyote. Kuhusu wale wengine angesema hajui. Uongo mmoja mdogo, na kila mtu angebaki salama.

Chumba kilikuwa kidogo, taa nyeupe, meza moja ndefu. Mwenyekiti alikuwa mama wa makamo mwenye sweta la kijivu. Pembeni yake alikaa mkalimani, dada Mtanzania wa Tanga aliyekuja moja kwa moja kutoka mtaa wa Mayfair, ushungi wake umebanwa kwa pini kidevuni. Masika alipomwona Évariste mlangoni, uso wake wote ulifunguka.

"Amekuja," akamwambia mkalimani. "Sikukwambia? Amekuja."

Évariste akainua mkono, akaapa, akataja jina lake, akaketi.

"Wewe ndiye uliyeandika maelezo ya mama huyu?" mwenyekiti akauliza. Dada wa Tanga akatafsiri.

"Ndiyo."

"Lini?"

Akataja siku, mwezi na mwaka.

"Na hawa wengine ishirini na saba, nani aliwapa?"

"Sijui."

Lilitoka bila kikwazo. Kisha mwenyekiti akauliza swali ambalo Évariste alilitarajia.

"Mama ameniambia kwamba kuna daftari. Liko wapi?"

"Limeungua."

"Lini?"

"Jana."

Mwenyekiti akavua miwani. Hakucheka, wala hakukasirika. Alionekana amechoka.

"Bwana, umenijia na maneno matupu. Maneno ninayo tayari, mara ishirini na nane. Mwambie mama nasikitika."

Mkalimani alitafsiri kwa upole, akijaribu kulipunguza makali neno lisilopungua. Évariste akamwangalia Masika, akitegemea kilio. Masika hakulia. Alikuwa amelaza pindo la kitenge chake juu ya magoti, analipapasa kwa kidole gumba.

"Maître," akasema, "utanisamehe. Nilikudanganya."

"Umenidanganya nini?"

"Uliniambia niitupe. Nilikubali kwa mdomo. Lakini mume wangu njo aliibandua pale kwenye mlango. Njo kwa sababu ya ile walimupiga risasi, na alianguka akiwa nayo mkononi. Nitatupa namna gani?"

Akainamisha kichwa, akaukata uzi wa pindo kwa meno.

Karatasi ilikuwa imekunjwa mara nne ndani ya kipande cha mfuko wa mkate. Masika akaifungua mezani, akaisawazisha kwa viganja kama anavyosawazisha kitambaa kabla ya kukikata. Juu palikuwa na tundu la msumari. Chini palikuwa na muhuri wa bluu na sahihi. Kona moja ilikuwa na doa la kahawia, na hakuna aliyeuliza ni la nini.

Mwenyekiti alivaa tena miwani.

"Hawa wote wanataja karatasi kwenye mlango wa kanisa," akasema polepole. "Wote. Hii ni mara ya kwanza naiona. Imeandikwa nini?"

Dada wa Tanga akainama, akatikisa kichwa.

"Kifaransa. Mie Kifaransa sikijui."

"Yupo wakili hapa," mwenyekiti akasema. "Bwana, sogea. Soma kwa Kiswahili, huyu atanifasiria."

Basi hapo ndipo tulipofika, msomaji, na lile swali letu la asubuhi ya jana, la ushahidi kutupwa, limeanza kujijibu.

Évariste alivuta karatasi. Hakuhitaji kuisoma. Aliijua tangu siku Masika alipomtajia kengele ya kanisa, miaka saba iliyopita, naye akaiweka kalamu chini akasingizia kiu. Alijua kwa nini alimwambia aitupe. Alijua kwa nini hadithi yake na Célestine haikusemeka.

"Kwa kuzingatia ripoti ya tume ya ardhi ya bunge la jimbo," akasoma, "tume ambayo ilifika mahali penyewe na kuhakikisha kwa macho yake kwamba mlima wa Kighuma hauna wakazi, mlima huo unakabidhiwa kampuni kwa kazi ya kuchimba madini, na yeyote atakayekutwa humo aondolewe."

"Hauna nini?" Masika akauliza.

"Hauna watu wanaoishi, mama," mkalimani akamweleza.

Masika akaigusa karatasi pale kwenye tundu la msumari.

"Tulikuwa nyumba mia mbili na kumi," akasema.

Tume haikupanda mlima. Siku ile mvua ilinyesha, barabara ikawa tope, na waheshimiwa walikuwa na viatu vizuri. Mwenyekiti wa tume alitia sahihi chini kabisa ya mlima, kwenye baa, wakisubiri mbuzi aive. Kalamu ikiwa mkononi alisikia kengele. Akauliza inalia wapi. Mwenye baa akamwambia ni kanisa la huko juu, Kighuma. Mheshimiwa akaitikia kwa kichwa, akamalizia sahihi yake, akaomba pilipili.

"Na chini?" mwenyekiti wa bodi akauliza. "Nani alisaini?"

Évariste aliikaza karatasi mezani. Kidole chake gumba kilikuwa juu ya jina, na hakikutaka kutoka.

"Pamefutika?" dada wa Tanga akamwuliza, akisogeza kiti. "Lete nikusaidie, majina nayaweza."

Masika akaweka mkono juu ya mkono wa koti lake, kwa heshima, kama anavyoshikwa kaka.

"Soma, Maître. Miaka minane niko namushona huyu mutu kwenye pindo. Kitenge kikizeeka namutoa, namushona kwa kingine. Jina yake sijaisikia hata siku moja. Nataka niisikie kwa kinywa yako, maana wewe njo ulinisaidia."

Angeweza kutaja jina lolote. Lakini dada wa Tanga alikuwa amekwisha kuinama, pumzi yake karibu na karatasi. Évariste akaondoa kidole.

"Mheshimiwa Maître Évariste Kisuba," akasoma. "Mwenyekiti wa tume."

Alilisoma kwa sauti ile ile ya bungeni, kwa mazoea, na alijisikia aibu.

Mkalimani akalipeleka kwa Kiingereza. Mwenyekiti akaandika, kisha kalamu ikasimama. Akaivuta fomu ya kiapo iliyokuwa kushoto kwake. Akaisoma. Akasoma tena alichoandika. Hakumwangalia Évariste hata kidogo. Alimgeukia Masika, akauliza swali fupi.

"Mama," dada wa Tanga akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika, "anauliza, mtu huyu mwenye jina hili unamjua?"

Mkono wa Masika ulikuwa bado juu ya koti. Alimtazama Évariste usoni, kisha suti, kisha usoni tena. Alichukua muda. Mtu anapolazimika kuirudia miaka saba yote tangu mwanzo, aliyoambiwa na aliyoamini, haimalizi kwa dakika moja.

Akauondoa mkono wake.

"Namujua," akasema. "Ni yeye aliniambia niitupe."

Dada wa Tanga aliacha kutafsiri. Macho yake yalimwendea Évariste, yakaiendea karatasi, yakarudi. Kalamu ya mwenyekiti ilikuwa juu ya ukurasa, inangoja.

"Mama amesema nini?" mwenyekiti akauliza.